Kupumzika sio dawa ya kila maumivu: majibu ya maswali yenu kuhusu fiziotherapia

Wapendwa wasomaji, safari hii maswali yamekuja mengi kupita kawaida na karibu yote yanazunguka jambo moja tu, mwili unauma na umekataa kusogea kama zamani. Nimechagua machache nikayafupisha bila kubadilisha maana. Kama lako halijatokea usidhani limepuuzwa, soma la mwenzako, huenda na lako limo humohumo.

SWALI: Habari dokta. Nina miaka 42, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima. Mgongo wa chini unanisumbua, huu mwaka wa pili. Nilipiga MRI ikaonyesha diski mbili za chini zimetokeza, tangu siku hiyo siinami, sibebi kitu, navaa mkanda wa mgongo asubuhi mpaka nalala na bado naumia. Je fiziotherapia itazirudisha hizo diski mahali pake au nijiandae tu na upasuaji?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Naanza na hiyo picha manake naona imekutisha kuliko maumivu yenyewe. Kuna utafiti ulitoka 2015, ulikusanya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo, wakakuta kwenye umri wa miaka 20 karibu asilimia 30 wana diski iliyotokeza (diski ni ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo), ukifika miaka 40 ambayo ndio rika lako ni nusu yao, ukifika 80 ni asilimia 84. Wazima hao, wanainama wananyanyuka wanaendelea na shughuli zao na hawajui habari za diski. Sisemi ripoti yako ni ya uongo, nasema diski kutokeza peke yake haitoshi kuwa ndio chanzo, na kwa watu wengi sana wenye maumivu ya mgongo wa chini, kama 90 kati ya 100, huwezi kunyooshea kidole sehemu moja ukasema tatizo ni hapa. Alafu kuna kitu wengi hawaambiwi, hata diski iliyopasuka kabisa ute wake ukatoka nje mara nyingi inasinyaa yenyewe ndani ya miezi kadhaa, mwili unausafisha taratibu. Kwahiyo hapana, fiziotherapia hairudishi diski mahali pake wala haina haja ya kufanya hivyo, na mtu akikuahidi ataisukuma kwa vidole mpaka irudi huyo mkimbie.

Kabla sijaenda mbali lazima nikuulize haya na naomba ujibu kwa ukweli. Umekufa ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Mkojo unagoma kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua? Miguu yote miwili inalegea? Moja tu kati ya hayo ni dharura ya siku hiyohiyo, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mishipa ya fahamu inakuwa imebanwa na ikichelewa kufunguliwa hairudi vizuri. Homa za muda mrefu, jasho la usiku, kukonda bila sababu, kuwa na historia ya saratani, au mgongo kuanza kuuma baada ya kuanguka vibaya, hayo nayo yanataka daktari kwanza kabla ya zoezi lolote. Kama hamna hata moja, habari ya upasuaji iweke pembeni kwa sasa.

Sasa mkanda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya mgongo wa chini Desemba 2023, na mkanda umo kwenye vitu walivyoshauri visitumike kama tiba ya kawaida, pamoja na zile mashine za kuvuta mgongo na dawa kali za jamii ya afyuni. Vilivyokubaliwa ni mazoezi, kuelimishwa kuhusu tatizo lako, masaji na mikono ya mtaalamu, tiba ya kisaikolojia kwa anayehitaji, na dawa za kawaida za kupunguza maumivu. Mkanda haukuui lakini ukiuvaa kutwa miaka miwili unaufundisha mwili kuamini kwamba bila mkanda utavunjika, na hiyo imani ndio inakuumiza. Upunguze, leo saa moja bila mkanda, kesho mbili, mpaka usahau ulikouweka.

Na kuinama urudie, ndio nimesema kuinama. Simama mbele ya kiti, miguu sawa na upana wa mabega, viganja juu ya mapaja. Sukuma makalio nyuma, magoti yalegee kidogo, viganja viteleze mpaka vifike magotini huku kifua kinafuata, alafu rudi juu kwa kubana makalio. Jiangalie hapo katikati unafanya nini na pumzi, wengi wanaibana na kukunja uso kabla hata maumivu hayajafika, yaani mwili umejikaza kusubiri balaa ambalo halijaja. Ukijikuta hivyo toa pumzi, anza upya, ishia pale ambapo unaweza kupumua kawaida. Mara 8 au 10, mara mbili tatu kwa siku. Wiki ikipita viganja vitafika chini ya magoti, baadae utagusa stuli, mwisho unaokota kitu sakafuni, na kuokota kitu chepesi sakafuni ni zoezi tosha. Ukishazoea ndio unaanza kubeba uzito, kidogokidogo.

Kingine ni kutembea. Naona watu wanakidharau kwa sababu hakina mashine wala jina la kutisha. Australia walifanya utafiti ukatoka 2024 kwa watu 701 ambao ndio kwanza walikuwa wametoka kwenye maumivu ya mgongo, waliopewa programu ya kutembea na kuelimishwa na mtaalamu wa fiziotherapia walikaa kama siku 208 kabla mgongo haujawarudia kwa kiwango cha kuwasumbua, wenzao wasiopewa kitu ni siku 112. Lengo lilikuwa wafike dakika 30 mara 5 kwa wiki ila walipewa miezi 6 ya kupanda taratibu, kwahiyo wewe ukianza na dakika 10 usijione mzembe. Kuhusu kukaa, hamna mkao mtakatifu, mkao mbaya ni ule uliokaa nao masaa matatu bila kuhama. Nyanyuka kila nusu saa, pokea simu umesimama.

Nakuambia mapema utaumia kidogo wiki za mwanzo na hiyo haimaanishi unaharibu kitu. Misuli na mishipa iliyofungiwa miaka miwili inalalamika ikifunguliwa. Ikiwa maumivu yanashuka mguuni kuvuka goti na mguu unapungua nguvu, hapo rudi upimwe.

SWALI: Dokta mimi ni mama wa miaka 53, nina kisukari. Bega la kushoto lilianza kuuma kidogokidogo bila kuanguka wala kugongwa, sasa mwezi wa tano siwezi kufunga sidiria wala kufika kisogoni, usiku nikilalia upande huo nalia. Kuna mtu aliniambia nivumilie anivute mkono kwa nguvu mpaka ufunguke. Nikubali?

JIBU: Usikubali dada yangu, tafadhali. Ulivyoeleza inafanana sana na bega kuganda, na linapenda watu wa umri wako, miaka 40 mpaka 60, wanawake zaidi kidogo, na wenye kisukari linawapata mara nyingi kuliko wengine. Mfuko unaozunguka kiungo cha bega unavimba alafu unakuwa mzito na kujikunja, nafasi ya mfupa kuzunguka inapotea.

Jipime hivi. Kaa, bana viwiko vyote viwili ubavuni, vikunje, viganja viangaliane, alafu fungua mikono kwenda nje viwiko vikiwa vimebaki ubavuni. Kama mkono wa kushoto unagoma mapema kabisa wakati wa kulia unafunguka vizuri, na hata mtu mwingine akiusaidia taratibu bado unagoma, basi dalili ni hiyo. Ingekuwa ni kano tu zimechoka, mtu mwingine akikusaidia mkono ungeenda. Hata hivyo eksirei moja ni ya maana ili kuhakikisha hamna kingine.

Lina vipindi vyake, kwanza maumivu makali huku linakaza, alafu maumivu yanapoa ila limeganda, mwisho linaachia. Safari yote inaweza kula mwaka mmoja mpaka mitatu, na najua ni habari nzito lakini afadhali uijue kuliko kila mwezi kudhani tiba imeshindwa. Wewe kwa kulia usiku naona bado uko kipindi cha kwanza, na hapo kuvuta kwa nguvu kunauchokoza ule mfuko uliovimba, unazidi kukaza. Kwa sasa fanya vitu vya upole: inama kidogo umeshika meza kwa mkono mzima, mgonjwa uning'inie, uutikise kwa kuyumbisha mwili, mbele nyuma na mduara mdogo. Alafu kaa mbele ya meza, kiganja juu ya taulo, telezesha mbele mpaka unapohisi mvuto, sio kisu, hesabu mpaka tano rudi. Fanya mara nyingi kwa vipande vifupi, dakika 5 mara 4 kwa siku inashinda nusu saa ya mateso. Ukilala lala chali au upande mzima huku mkono mgonjwa umekumbatia mto.

Muulize daktari wako kuhusu sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo, kipindi hiki cha mwanzo inasaidia sana maumivu na inakupa nafasi ya kufanya mazoezi, ila kwa mwenye kisukari inapandisha sukari kwa siku kadhaa kwahiyo pima mara nyingi zaidi na mkubaliane kabla. Maumivu yakishapoa ndio tunaongeza kunyoosha kwa nguvu kiasi, fimbo, ukuta, na mikono ya mtaalamu. Na sukari yenyewe ishughulikie, isiwe kwamba tunahangaika na bega huku sukari iko juu.

SWALI: Mambo dokta, mimi nacheza mpira, kifundo cha mguu wa kulia kimeteguka mara ya tatu. Naweka barafu, nafunga bandeji, napumzika wiki mbili narudi uwanjani, kinateguka tena. Shida iko wapi?

JIBU: Poa kijana. Shida ni kwamba unatibu uvimbe alafu unarudi uwanjani kabla mguu haujajifunza upya kusimama. Ligamenti, zile nyuzi zinazofunga mfupa na mfupa, ikivutika haiumii yenyewe tu, na ile taarifa inayoupa ubongo habari kwamba mguu unapinda inachelewa, ukija kukanyaga vibaya misuli inashtuka wakati mguu umeshapinda. Hilo barafu halilitibu. Hata daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliyeanzisha ule utaratibu wa pumzika, barafu, funga, inua mwaka 1978, baadae mwenyewe alikuja kusema barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Barafu tumia siku ya kwanza ya pili kutuliza maumivu basi.

Ukiteguka ukashindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma yake unaruka kwa maumivu, piga eksirei. La sivyo anza kukanyaga mapema kadri unavyoweza. Simama mguu mmoja sekunde 30, ukiweza fumba macho, ukiweza simama juu ya mto, ukiweza mwenzako akurushie mpira udake. Nyanyua visigino mguu mmoja mpaka ufikishe 20 au 25 sawa na mguu mzima. Alafu kuruka mguu mmoja mbele na pembeni, kukimbia na kukata kona. Mpaka hapo ndio unavaa jezi, hata kama ni wiki ya nane. Na endelea na zoezi la kusimama mguu mmoja msimu mzima, usiliache kwa sababu uvimbe umeisha.

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 66, alipata kiharusi miezi minne iliyopita, upande wa kushoto. Mguu umeanza kupata nguvu anatembea akishikiliwa, ila mkono bado, vidole vinafungukafunguka kidogo tu. Kila asubuhi mimi na kaka tunamnyanyua kwa kumshika kwapani na tunamnyoosha mkono juu ya kichwa, lakini siku hizi akiguswa bega anapiga kelele. Tumechelewa? Watu wanasema miezi mitatu ikipita ndio basi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kumpigania mzee wenu. Naomba leoleo muache vitu viwili, kumnyanyua kwa kwapa na kumvuta mkono juu ya kichwa. Bega halishikiliwi na mfupa, linashikiliwa na misuli, na misuli ya upande huo imelala kwahiyo uzito wa mkono peke yake unaushusha mfupa kutoka mahali pake. Mpapase taratibu pembeni juu ya bega, ukikuta pengo chini ya ule mfupa wa juu ambapo kidole chako kinazama, na upande wa kulia hakuna pengo hilo, ndio hicho nachokisema. Sasa mkimvuta kwapani mkono ukiwa hivyo mnabana na kuchana vilivyobaki ndani. Wapo wanaoumia bega baada ya kiharusi kwa kuumizwa na wanaowapenda wakijua wanasaidia, na hamkuambiwa, kwahiyo msijilaumu.

Akikaa, mkono uwe juu ya meza au mto, kiwiko kimeegemezwa, usining'inie. Akilala chali weka mto chini ya bega na mkono wote wa kushoto. Zoezi la mkono, mmoja wenu ashike kiwiko kwa mkono mmoja na kiganja chake kwa mkono wa pili, mpandishe mbele mpaka usawa wa bega tu, zaidi ya hapo msubiri mtaalamu awaonyeshe jinsi ya kulisogeza na bapa la bega. Zile kamba za kuning'iniza juu avute kwa mkono mzima apandishe mgonjwa, achaneni nazo.

Kumnyanyua ni hivi, na hapa nataka msome taratibu. Asogee mbele kwenye ukingo wa kiti. Visigino virudi nyuma ya magoti, na mguu dhaifu ukae nyuma kidogo ya mzima ili nao ulazimike kubeba, ukikaa mbele utakuwa unakwepa kazi. Wewe simama upande dhaifu, mkono wako mmoja kiunoni kwake au kwenye mkanda wa suruali, mwingine uzuie goti lisikunjike. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, hapo makalio yenyewe yataanza kuachia kiti, ndio asimame. Watu wanakosea hapa, wanamvuta juu moja kwa moja kabla hajainama na anakuwa mzito hajabebeka. Mfanye asimame na kukaa mara 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni, hilo peke yake ni zoezi kubwa kuliko unavyodhani.

Kuhusu kuchelewa, hapana. Ni kweli mabadiliko ya haraka yanatokea zaidi miezi mitatu ya kwanza na ndio maana hatupendi mtu akae bure kipindi hicho, lakini ubongo haufungi mlango siku ya 90. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Taub ndiye aliyeanzisha njia ya kuuzuia mkono mzima kwa glavu nene ili mkono mgonjwa ulazimike kufanya kazi, na utafiti mkubwa wa njia hiyo uliotoka 2006 ulichukua watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 nyuma, baba yako angeingia humo. Walifanya mazoezi wiki mbili, masaa mengi kwa siku, na mwaka mmoja baadae mikono yao ilikuwa bado inafanya zaidi ya wenzao. Ila njia hiyo inataka mkono uwe angalau unaweza kuinua kiganja na kufungua vidole kidogo, ndio maana nimefurahi ulivyosema vidole vinafungukafunguka. Msianze wenyewe, nendeni apimwe kama anafaa, manake akiwa bado hana usawa wa kusimama halafu mkono mzima umefungwa anaweza kuanguka.

Wakati mnasubiri, mpeni mkono huo kazi yenye maana. Ashike kikombe cha plastiki wewe ukimsaidia kukifungua kiganja, akiachie, akishike tena. Afute meza kwa kitambaa mikono yote miwili. Ashikilie karatasi kwa kushoto akiandika kwa kulia. Ubongo unajifunza kwa kurudia kitendo chenyewe mara nyingi mno, mamia, kuliko kunyooshwa na mtu huku yeye anaangalia ukutani. Na mwacheni avae shati mwenyewe hata kama inachukua dakika 20, aanze na mkono dhaifu. Najua inauma kumwangalia lakini kila kitu mnachomfanyia ambacho angeweza kujaribu, mnampunguzia zoezi.

Mwisho, angalieni moyo wake. Akiwa kimya sana, analia hovyo, hataki chakula wala mazoezi, hiyo ni sonona ya baada ya kiharusi, ipo na inatibika, mwambieni daktari. Na dawa za presha asikose, kiharusi cha pili kinakuja kufuta kazi yote.

SWALI: Nina miaka 61, magoti yote yanauma na kulia, nimeambiwa gegedu limelika na mifupa inasuguana. Sasa nikitembea si naumaliza mfupa uliobaki? Nimeacha hata ngazi.

JIBU: Nalielewa wazo lako na hata wahudumu wa afya wengine wanalisema, lakini goti haliendi kama tairi la gari. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya damu, linakula kutokana na ute wa kwenye kiungo, ukikanyaga linaminywa ukiachia linanyonya. Ukikaa tu linakosa chakula na misuli ya mapaja inasinyaa, na misuli hiyo ndio inayolipunguzia goti mzigo, kwahiyo siku ukisimama goti linapokea kila kitu peke yake. Sauti za kulia zisikutishe kama haziji na maumivu.

Anza na kiti cha juu kidogo, simama na kaa bila kushika, mara 8, pumzika, rudia mara 3. Ukikaa nyoosha goti mguu ubaki hewani sekunde 5, ukizoea funga kiuzito. Tembea sehemu tambarare. Ngazi rudi nazo baadae, ukipanda tangulia na mguu wenye nafuu, ukishuka tangulia na unaouma. Kipimo ninachowapa watu wa magoti ni hiki, maumivu wakati wa zoezi yakiwa mpaka 4 au 5 kwenye 10 endelea, ila kesho asubuhi goti liwe limerudi pale lilipokuwa. Kama limeamka limevimba na linauma zaidi, jana ulizidisha, punguza robo au nusu, usiache.

Denmark walianzisha mwaka 2013 programu ya aina hii, elimu na mazoezi ya kusimamiwa mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, leo iko mpaka Canada na Australia. Haioteshi gegedu jipya, ila watu wanapungua maumivu na wanarudi kutembea. Ukiwa na uzito uliozidi, kila kilo 1 unayopunguza inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwenye kila hatua, hayo yalipimwa na kutolewa 2005. Ukihitaji mkongojo ushike mkono wa upande wa pili, goti la kulia linauma basi mkongojo mkono wa kushoto, wengi wanashika kinyume. Goti likiwa jekundu la moto pamoja na homa, au limekwama halinyooki ghafla, nenda hospitali.

SWALI: Nimehudhuria kliniki moja ya fiziotherapia kwa maumivu ya shingo, kila nikienda nalazwa, nawekewa mashine ya umeme na taa ya joto dakika 20, narudi nyumbani. Nafuu inakaa mpaka jioni tu. Nimepoteza muda?

JIBU: Nafuu uliyoipata ni ya kweli, hukuidhania. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965 walieleza kwamba hisia za mguso zinaweza kuzuia za maumivu palepale kwenye uti wa mgongo, kama mlango unaofungwa, na mashine ya umeme wa ngozi imejengwa juu ya wazo hilo. Ila ukiitoa mlango unafunguka tena, ndio maana jioni umerudi ulipokuwa. Joto nalo hivyohivyo. Mimi sina ugomvi na mashine ikitumika dakika chache kukutuliza ili ufanye kazi yenyewe, ninachokikataa kabisa ni mashine kuwa ndio tiba yote, hiyo ni kumkosea mgonjwa.

Ukienda tena angalia vitu hivi. Je aliyekupokea alikuuliza unashindwa kufanya nini, kugeuka ukiendesha gari au kulala? Alipima shingo inageuka mpaka wapi kulia na kushoto akaandika? Alikuangalia ukifanya zoezi akakurekebisha kwa mkono, akakupa mawili matatu ya nyumbani na wiki iliyofuata akauliza yalikwendaje? Baada ya wiki nne sita alipima tena? Kama jibu ni hapana kote, muombe kwa heshima, "naomba unifundishe mazoezi ya kufanya mwenyewe". Akikasirika tafuta mwingine.

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 alivunjika juu ya kiwiko, plasta imetolewa wiki iliyopita, mkono haunyooki wala haukunjiki vizuri. Bibi yake anataka tumkande na maji ya moto na tumnyooshe kwa nguvu.

JIBU: Mwambieni bibi kwa upole kwamba kiwiko ni kiungo chenye hasira. Ukikivuta kwa nguvu kinavuja damu ndani ya misuli na wakati mwingine mfupa unaota humo kwenye misuli, hapo kinakwama kwelikweli. Watoto wengi kiwiko kinafunguka chenyewe wakirudi kucheza, ila ni kazi ya wiki na miezi, sio siku. Vuguvugu ni sawa, aloweke mkono kwenye beseni huku anaukunja na kuunyoosha mwenyewe. Mpe vitu vya kufikia, ajiguse pua, bega, sikio, asukume mpira mezani, achore ukutani. Asibebe kitu kizito wala kupanda miti mpaka daktari wa mifupa aruhusu. Piga picha ya mkono ukiwa umenyooka mwisho wake kila Jumamosi, sehemu ileile, ili muone mabadiliko ambayo kwa macho ya kila siku hayaonekani. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au hawezi kuvinyoosha, au mwezi ukipita picha haijabadilika hata kidogo, mrudisheni kwa aliyemtibu.